Barua kwa mwanangu: maharage ya nazi

Mwanangu,

Hujambo baba? Sisi huku Tanga hatujambo, Alhamdulillahi. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kwa nini maharage ya nazi yanakushinda: mara ya kwanza yalikaa motoni saa tatu nzima yakabaki magumu, mara ya pili yakaiva lakini tui likakatika, mafuta yakaelea juu na maji chini. Nawe ukitoka kazini umechoka, hamu yako yote iko kwenye hayo na wali, chipsi zimekuchosha. Nimefurahi umeuliza. Makosa yote mawili yanatengenezeka.

Ulisema ulikaanga kitunguu na nyanya, kisha ukamimina maharage mabichi na maji. Hapo ndipo yalipokwama. Nyanya ina uchachu, na uchachu unalizuia haragwe kulainika hata ulichochee mpaka gesi iishe. Ndimu pia ni hivyo hivyo. Haragwe liive kwanza peke yake, kwa maji matupu.

Na maharage yenyewe yatazame. Ukienda soko la Majengo huko uliko, muulize muuzaji mavuno ya lini. Mapya yanang'aa, ya zamani yamefifia na kukunjamana, na hayo yatakula gesi yako bure. Mimi hapa nanunua yanayoshuka kutoka Lushoto. Nusu kilo yakutosha siku tatu. Yachague mawe, yaoshe, yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo. Uliwahi kunilalamikia chai ya huko kwamba maji yana chumvichumvi. Basi kupikia maharage tafuta maji mengine, maana maji ya namna hiyo nayo yanayachelewesha. Magadi yanayalainisha, kweli, ila yanaharibu ladha. Mimi siyatii.

Maji yapite juu ya maharage kiasi cha vidole vitatu. Moto mkali kwanza, yatokote dakika 10 kamili, hilo usilipuuze hasa kwa yale mekundu, kwani yasipochemka vizuri yanatapisha na kuumiza tumbo. Kisha punguza moto, funika. Likiwa limeiva, ukilibana kati ya kidole gumba na cha shahada linapondeka lote, halina kiini kigumu katikati. Jaribu matano sita, usijaribu moja ukaridhika.

Hapo sasa kitunguu, nyanya 2, hoho kidogo, na binzari ukipenda. Mimi sikaangi, vyote vinachemka humo humo na tui la pili, lile jepesi. Chumvi natia mwishoni, kwa sababu rojo linapungua na chumvi haipungui.

Sasa tui. Nazi itikise sikioni usikie maji yanacheza. Isiyo na sauti iache. Ukiivunja, kinga maji yake kwenye kikombe uyaonje: yakiwa na ukakasi, nazi imeharibika, usiihurumie pesa. Ikune, tia maji vuguvugu kikombe kimoja, kamua kwa mkono mpaka machicha yalegee, chuja. Hilo ndilo tui zito, liweke pembeni. Rudia machicha yale yale kwa vikombe viwili vya maji, upate jepesi. Jepesi ndilo linaloingia na kitunguu na nyanya, likachemke litakavyo. Zito linangoja mpaka nyanya zipotee kabisa.

Ukilimimina lile zito, ndugu yangu, usiende kuoga wala kushika simu. Moto mdogo. Chukua upawa, chota rojo, linyanyue juu na kulirudisha sufuriani, chota tena, bila kupumzika, mpaka lianze kufurukuta pembeni. Bibi yako alikuwa akisimama hivyo na upawa wake, mkono mwingine umeshika kanga begani, hataki mtu amsemeshe. Tui likichemka kwa kasi na limeachwa peke yake, linakatika. Likitokota kidogo kidogo kwa dakika chache na harufu ikabadilika, zima. Litazidi kuwa zito likipoa.

Huna muda kila siku, najua. Basi Jumapili chemsha maharage tu, bila tui wala nyanya, yakipoa gawa mafungu matatu uweke kwenye friji. Jioni unachukua fungu moja na theluthi ya nazi, robo saa umemaliza. Usiyalaze na tui nje ya friji, kwa joto la huko yatachacha kabla ya alfajiri. Nazi iliyobaki ikune yote, ifunge kwenye mfuko, igandishe. Tui la pakiti nalo si haramu baba, lipunguze kwa maji kidogo, ila lifuate masharti yale yale ya moto.

Blenda uliyosema umeazima irudishe kwa mwenyewe. Kibao cha mbuzi cha bibi yako nimekifunga kwenye kanga, na nazi nne kwenye kiroba, vitakuja kwa basi la Ijumaa. Meno ya kibao nimeyapeleka kunolewa jana. Ukimaliza kukuna kifute kwa kitambaa kibichi kisha kikavu, usikiloweke, meno yatashika kutu. Na uketi nacho sakafuni, sinia katikati ya miguu, kama ulivyokuwa ukimwona bibi yako anavyokaa.

Mama yako