E-Class ya 2005 na ya 2006: mwaka wa kwenye kadi hautoshi

SUALI: Assalaam alaykum fundi. Niko Wete, nimeweka pesa za karafuu misimu miwili nataka ninunue Mercedes E-Class, ile bodi ya 211 (W211, namba ya kiwanda ya umbo hilo). Unguja nimeoneshwa mbili, zote E350, moja kadi inasema 2005 na nyengine 2006. Ya 2005 bei iko chini sana, ndani safi, kilomita chache, na muuzaji ananambia ni gari moja zimepishana sura ya bampa tu. Nichukue hiyo rahisi? — Msomaji, Wete

JAWABU: Waalaykum salaam kaka. Usitoe pesa bado, tena nakuomba sana. Si kweli kuwa zimepishana bampa tu. Bodi ya 211 ilianza 2002 ikaenda mpaka 2009, na katikati ya 2006 Mercedes waliibadilisha, na kubwa walilobadilisha halionekani kwa macho, ni breki.

Zile za mwanzo zina breki za SBC (Sensotronic Brake Control), maana yake ukikanyaga pedali ni komputa ndo inayoiamrisha pampu ya umeme ipeleke presha kwenye magurudumu. Mwaka 2004 kampuni wenyewe waliziita zirudi kukaguliwa kama gari 680,000 dunia nzima kwa ajili ya mfumo huu. Pampu ile ina hesabu yake ndani, inahesabu kila unavyokanyaga, ikifika kikomo inawasha taa ya onyo hata kama gari inasimama vizuri. Na ikifeli kweli zinabaki breki za mbele tu na pedali inakuwa ngumu kama jiwe, sasa fikiria uko na watoto ndani ya gari unateremka kilima huko kwenu, na Pemba yote ni vilima. Ndo maana mie kwa gari hii breki naangalia kabla ya kitu chengine chochote. Walipobadilisha katikati ya 2006 wakarudi kwenye breki za kawaida ambazo fundi yoyote anazijua.

Kwa hiyo hiyo ya 2005 ni SBC, hapo hamna mjadala. Ya 2006 ndo ya kuichunguza, inaweza kuwa ya kabla au ya baada, na mwaka wa kwenye kadi ukitoka Japani mara nyingi ni mwaka iliyosajiliwa, gari inaweza kuwa imekaa imeshaundwa miezi kabla ya hapo. Na usikubali mtu akakusomea mwaka kwenye tarakimu ya kumi ya chesisi namba kwa ile chati ya Marekani, kwenye Mercedes zisizokuwa za soko la Marekani pale inaandikwa usukani, 1 kushoto 2 kulia, basi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uangalie lebo chini, mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa mkanda. Halafu ufungue mlango asubuhi gari imelala usiku kucha, kuwe kimya, usiwashe chochote, ukisikia pampu inavuma kidogo mbele ujue ni SBC.

Sasa injini, na hapa zote mbili zina kesi. E350 ina injini iitwayo M272, V6 tamu sana kuendesha, lakini zile za mwanzo za 2004 mpaka 2006 gia ya balansi shafti (chuma kinachozunguka ndani kupunguza mtetemo wa injini) ilitoka laini, meno yanalika, taiming (mpangilio wa kufunguka valvu) inapotea, taa ya injini inawaka. Gia yenyewe si kubwa ila kuifikia lazima injini ishuke yote, na ukishaivusha gari Mkoani hiyo kazi itabidi uirudishe Unguja, ujira juu ya ujira. Wauzaji wanafuta kodi (namba za hitilafu) kwenye komputa ya gari asubuhi kabla hujafika, kwa hiyo iendeshe mwenyewe, nenda mpaka Mahonda urudi injini ikiwa moto, ndo fundi wako achomeke mashine ya kusoma hitilafu. Zikitoka kodi 1200 au 1208 mshukuru muuzaji uondoke. Usafi wa ndani usikubabaishe, kiti hakivunji injini.

Ingekuwa pesa zangu ningeiacha ya 2005 leo leo. Ya 2006 ikithibitika ni ya baada ya mabadiliko na mashine haijaonesha kitu, zungumza bei. Ikiwa ni ya kabla, ziache zote mbili usubiri ya 2008 au 2009, hata ukakosa kuendesha sikukuu hii.

SUALI: Fundi mie nna E240 ya 2003, gia boksi imeanza kutetema kwenye mwendo mdogo. Ni uzee? — Fuoni

JAWABU: Injini yako ni M112, imara sana hiyo, plagi mbili kila silinda. Wasiwasi wangu ni rejeta. Baadhi ya zilizofungwa mpaka 2003 zinavuja ndani kwa ndani, maji ya kupoza yanaingia kwenye mafuta ya gia boksi. Mwambie fundi atoe mafuta ayaangalie kesho, kama yamegeuka rangi ya chai ya maziwa usiiwashe tena, rejeta ibadilishwe na gia boksi isafishwe yote pamoja na tokonveta (inayounganisha injini na gia boksi), maana maji yakikaa mle yanaila.