Goti ni langu, swali kaulizwa binti

"Mzee anasumbuliwa na nini?" Daktari alimuuliza binti yangu. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, goti limenivimba, akili timamu, umri miaka 63. Binti akajibu. Nikanyamaza, na ukimya ule unaniuma kuliko goti.

Tangu hapo nimegundua kwamba mvi huota zenyewe, lakini uzee mwingine tunapewa na watu, tena kwa upole. Unapokonywa mkoba. Unapaziwa sauti ilhali unasikia vizuri. Simu ikikusumbua kidogo, "lete nikufanyie", na baada ya mwaka huwezi kitu, kisha wanasema ni umri. Hata umri wa kustaafu hupangwa mezani: sheria ya pensheni ya Ujerumani ya 1889 iliweka miaka 70, na mwaka 1916 ikashushwa hadi 65. Sidhani kama Wajerumani walichakaa ghafla mwaka ule.

Usidhani haya ni maneno tu ya kuudhi. Mwaka 2002 mtafiti Becca Levy na wenzake walichapisha utafiti wa watu 660 wa huko Ohio, Marekani, wenye miaka 50 na kuendelea. Waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliouona vibaya.

Safari iliyofuata ya hospitali nilimwambia binti mapema: "Akikuuliza wewe, nitazame mimi." Alinitazama, daktari naye akageuka. Kwenye simu nasema, "Nielekeze, usinifanyie." Inachukua muda, na vijana hawana subira, lakini shikilia hapo hapo.

Ila usikatae kila msaada. Nilikwepa fimbo miezi minne, nikiogopa kuonekana mzee, goti likazidi kuharibika. Nilikuwa nimeubeba ubaguzi ule ule, safari hii nikijibagua mwenyewe.

Na chunga mdomo wako. Rafiki yangu, rika langu, aliniambia amejiandikisha kujifunza kuogelea. Nikacheka: "Kwa umri huu?" Hakwenda tena. Nilikuja kujua baadaye sana, nikamwendea kumwomba radhi. Alisema yameisha, akabadilisha mazungumzo. Kwenye maji bado hajarudi.