Maswali na Majibu: Figo, Chumvi na Mifereji ya Potasiamu

Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa famasia. Tumefundishwa kwamba ukifunga mfereji wa potasiamu kwenye figo, yaani tundu la protini linalopitisha potasiamu kwenye ukuta wa seli, chumvi hutoka na mkojo. Potasiamu inahusianaje na chumvi?

Marahaba mwanangu. Swali zuri, nitalijibu kwa kirefu. Figo zako huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku, na humo mna karibu kilo moja na nusu ya chumvi. Karibu yote hurudi mwilini, na robo hivi ya kazi hiyo hufanyika kwenye sehemu nene ya kitanzi cha Henle (kipande cha mrija mdogo wa figo kilichopinda), pale kinapopanda. Hapo kuna kibebaji, protini ya kuingiza chumvi kwenye seli, kiitwacho NKCC2, ambacho hakiondoki mpaka kipate mzigo kamili: sodiamu moja, potasiamu moja, kloraidi mbili.

Sasa angalia hesabu. Katika majimaji yaliyochujwa, sodiamu ni kama milimoli 140 kwa lita, potasiamu ni 4 tu. Potasiamu ingeisha upesi kama isingerudi. Njia ya kuirudisha ni mfereji uitwao ROMK: potasiamu iliyoingia kwenye seli hutoka tena kwa mfereji huo, ikaenda kuchukua sodiamu nyingine. Ufunge ROMK, kibebaji kinakosa potasiamu na chumvi inapitiliza. Isitoshe, potasiamu inayotoka huacha chaji chanya upande wa mkojo, na chaji hiyo ndiyo inayosukuma kalsiamu na magnesiamu kurudi kwenye damu. Mnaokariri majina ya dawa bila kuielewa njia hii, mtapata taabu wodini.

Ushahidi upo kwa watoto. Mwaka 1996 ilibainika kwamba baadhi ya watoto wenye ugonjwa wa Bartter wana kasoro kwenye jeni ya ROMK. Hupoteza chumvi tangu wakiwa tumboni, maji ya uzazi yakazidi, na wengi huzaliwa kabla ya wakati.

Je, spironolaktoni, ile dawa ya kutoa maji mwilini inayobakiza potasiamu, hufunga mifereji ya potasiamu?

Hapana. Huzuia homoni ya aldosteroni, inayoziambia figo zibakize chumvi na kutoa potasiamu. Swali hili huja kila mara. Kubakiza potasiamu mwilini si sawa na kufunga mfereji wake.

Natumia furosemaidi kwa ajili ya miguu kuvimba. Usiku misuli inakaza. Ninunue vidonge vya potasiamu?

Usinunue chochote kabla ya kupima damu. Furosemaidi huzuia NKCC2 yenyewe, si ROMK. Sodiamu iliyoachwa pale juu hufika kwa wingi kwenye mirija ya mwisho, na kadiri inavyonyonywa huko ndivyo potasiamu inavyosukumwa nje, tena kwa kupitia ROMK. Kwa hiyo huenda potasiamu yako imeshuka kweli. Lakini mwambie daktari wako apime na magnesiamu. Magnesiamu iliyomo ndani ya seli huubana mfereji huo. Ikipungua, mfereji unaachia, na utameza potasiamu ukiikojoa yote.

Nasema tena kwa uchungu: watu wanapewa dawa hizi dukani kama peremende, miezi inapita, hakuna aliyewahi kupima potasiamu wala kreatinini, kipimo cha kazi ya figo. Potasiamu ikishuka sana au ikipanda sana, moyo unaweza kusimama. Muuzaji asiyekuuliza kipimo chako cha mwisho hajakusaidia.

Baba yangu ana kisukari, anatumia glibenklamaidi. Nimesoma kwamba nayo hufunga mifereji ya potasiamu. Itamtoa chumvi mwilini?

Mifereji inayolengwa iko kwenye kongosho, na kufungwa kwake ndiko kunakotoa insulini. Panya waliopewa dozi kubwa walikojoa chumvi zaidi, lakini usitegemee hilo kwa dozi ya mzee. Hofu yangu ni nyingine, ambayo hukuiuliza: figo zikidhoofika, dawa hii na mabaki yake hukaa mwilini muda mrefu na sukari hushuka ghafla. Mpeleke akapime figo, kisha muulize daktari kama abadilishiwe dawa.

Dawa ya kufunga ROMK itafika lini madukani?

Zimejaribiwa kwa binadamu, kwa matumaini ya kutoa chumvi bila kupoteza potasiamu nyingi. Ya kununua haipo. Anayekuuzia mitishamba kwa jina hilo ni tapeli.

Nina presha. Nimeambiwa nitumie chumvi yenye potasiamu badala ya ile ya kawaida. Ni salama?

Kwa wengi inafaa. Utafiti mkubwa wa vijijini China, uliotangazwa 2021, ulitumia chumvi yenye robo ya kloraidi ya potasiamu, na kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Lakini waliokuwa na ugonjwa mkubwa wa figo hawakuhusishwa. Kama figo zako zina tatizo, au unatumia dawa zinazobakiza potasiamu kama losatani, enalaprili au spironolaktoni, usiiguse mpaka daktari aone kipimo chako cha potasiamu. Punguza tu chumvi ya kawaida, pamoja na ile iliyojificha kwenye vipande vya supu unavyovunjia mchuzini.