Droni ya mtoto ya kuongozwa kwa simu: kabla hujatoa hela, soma hapa

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili. Mtoto ana miaka 11, mko Dodoma, ulimwahidi droni ya kuongozwa kwa simu akifanya vizuri shuleni na amefanya vizuri. Una laki mbili. Muuzaji amekuonyesha moja ya kukunja, nyeusi, boksi limeandikwa 4K, kwa elfu tisini, na unauliza uichukue hiyo au uongeze hela. Mimi njia hiyo nimeipita na mpwa wangu, tumemiliki droni mbili, moja ikapotea na nyingine tunayo hadi leo. Nitaandika kwa urefu, univumilie.

Kwa kifupi: hiyo 4K isahau. Kinachoamua kama mtoto atafurahi au ataichoka ndani ya wiki ni kitu kimoja. Akiachia vidole kwenye skrini, je, droni inabaki palepale hewani?

Ya kwanza nilimnunulia Kariakoo mwaka 2021, elfu themanini na tano, sura yake kama hiyo uliyoonyeshwa. Sebuleni ilikuwa imeshatupa dalili. Unaipaisha, inaanza kuteleza taratibu kuelekea ukutani, unaivuta kulia, inapitiliza, inaingia kwenye pazia. Nikadhani ni ugeni wa mikono yetu. Likizo ya mwezi wa sita tukaenda nayo Tanga kwa bibi yake. Asubuhi ya pili tukatoka uani, kusi inavuma, makuti ya minazi yote yamelalia upande mmoja. Nilipaswa kuyaangalia yale makuti kabla ya kumruhusu.

Ilipanda vizuri mpaka ikapita kimo cha paa, hapo upepo ukaidaka. Mpwa wangu akabonyeza kitufe chenye alama ya nyumba. Sikujua wakati ule, sasa najua: droni isiyo na GPS haifahamu nyumbani ni wapi. Kitufe kile kinairudisha kinyumenyume tu kwa kufuata upande iliokuwa imeelekea ilipopaa, na kinyumenyume kwetu kulikuwa ni kule kwenye mikoko. Akabonyeza tena. Simu ikaandika kwamba mtandao huu hauna intaneti, ikajihamishia kwenye data, na picha ikaganda. Tulitafuta mpaka adhuhuri, tope limetufika magotini. Mtoto hakulia. Alishika simu na ile picha ya makuti iliyoganda, hataki niizime.

Sasa nieleze kwa nini zile za bei ya chini zinateleza, maana ukilielewa hili muuzaji hatakubabaisha. Ndani yake kuna kipimo cha mwinamo, kinachoiweka sawa isipinduke. Nyingi zina pia kipima mgandamizo wa hewa, kinachoisaidia kushika kimo. Hakuna chochote kinachoiambia kwamba imehama kutoka hapa kwenda pale. Ni ngalawa isiyo na nanga: imekaa sawasawa juu ya maji, lakini inakwenda na maji. Inayosimama yenyewe ina kamera ndogo ya pili tumboni, inatazama sakafu na kulinganisha picha moja na inayofuata. Sakafu ikionekana kusogea kushoto, droni inajua yenyewe imekwenda kulia, inajirudisha. Kwenye maboksi huandikwa "Optical Flow". Haya ndiyo maneno ya kutafuta, na hata ukiyakuta, idai ijaribiwe.

Kuijaribu ni dakika mbili. Mwambie muuzaji azime feni, aiweke chini, aipaishe kimo cha kifua, kisha aondoe vidole. Hesabu hadi kumi. Ikibaki ndani ya hatua moja ya pale ilipopandia, zungumzeni bei. Akikwambia betri haina chaji, mwambie utarudi kesho. Usikubali kuonyeshwa video.

Hiyo 4K yenyewe maana yake ni picha ya nukta 3840 kwa 2160. Kwa droni ya elfu tisini inayotuma picha kwenye simu kwa waifai, mara nyingi ni picha ndogo iliyovutwa na programu mpaka ikajaa. Ukikuza uso wa mtu unaona vipande vya rangi tu.

Ya pili tuliyonayo ni Tello, imetengenezwa na Ryze ya China, ubongo wa kurukia umetoka DJI, kampuni kubwa ya droni ya huko huko China. Ilipotoka mwaka 2018 bei yake Marekani ilikuwa dola 99. Mimi niliipata ya mtumba kwa kijana wa chuo, laki mbili na nusu ikiwa na betri mbili. Waliotengeneza hawakudai 4K. Walisema wazi video ni 720p, ndogo kuliko 4K, na picha za mnato ni megapikseli 5. Ina uzito wa gramu 80, yaani yai moja na nusu hivi, na ile kamera ya tumboni inayo. Siku ya kwanza mpwa wangu aliipaisha, akaondoa vidole, ikatulia mbele ya uso wake inanguruma. Akanitazama, akasema, "Mjomba, inanisubiri." Kwa hiyo jibu langu kwako ni uongeze hela kidogo, au utafute ya mtumba yenye kamera ya tumboni. Kama haiwezekani sasa, mwombe mtoto asubiri hadi mwisho wa mwezi, ataelewa.

Ukichukua ya mtumba, kagua mota. Hizi ndogo hutumia mota zenye brashi, yaani vipande vya ndani vinavyopitisha umeme kwa kusuguana, na brashi huisha. Zungusha kila panga kwa kidole, betri ikiwa imetolewa: yote manne yazunguke kwa wepesi ule ule. Moja likiwa zito, tazama kwanza shina lake kama halijasokotwa na unywele au uzi wa zulia, huo unautoa kwa sindano. Kama ni safi na bado ni zito, mota imechoka. Vumbi la Dodoma nalo si rafiki wa mota hizi, usiipaishe kutoka kwenye udongo.

Nije kwenye sheria, kwa sababu hili sikuliona kwenye majibu yaliyotangulia na linaweza kukuumiza. Siku ile Tanga mzee mmoja jirani, mstaafu wa jeshi, alituuliza kwa upole kama tuna kibali. Hatukuwa nacho wala hatukujua kama kinahitajika. Tanzania droni zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Wizara ya Ulinzi inahusika katika kibali. Piga simu TCAA uulize kuhusu hiyo ya mtoto kabla haijatoka nje ya mlango. Ukiamua kuagiza kutoka nje ya nchi, uliza kabla hujalipa. Rafiki yangu mzigo wake ulizuiwa na akaishia kuusamehe. Nawe uko Dodoma: uwanja wa ndege uko humo humo mjini, Bunge lipo, ofisi za serikali zimetapakaa. Mimi nakaa Vingunguti, ndege zinashuka juu ya mabati yetu kwenda uwanja wa Dar es Salaam pale Kipawa, kwa hiyo yetu hairuki nje kabisa. Inaruka sebuleni, na Jumamosi moja moja kwenye ukumbi wa kanisa tukiomba ufunguo. Gramu 80 nje ni mchezo wa upepo hata hivyo, kwa hiyo mtoto hapotezi kitu.

Kuruka ndani kuna mambo yake. Nyumbani tuna marumaru nyeupe zinazong'aa, na wiki ya kwanza hata Tello ilikuwa inayumbayumba, nikaanza kumlaumu aliyeniuzia. Kumbe kamera ya tumboni inahitaji sakafu yenye alama za kushika. Marumaru nyeupe kwake ni ukurasa mtupu, na mng'ao wa taa unaichanganya zaidi. Dada yangu akaleta ule mkeka wa ukindu wenye mistari ya zambarau na kijani, akautandika katikati ya sebule. Droni ikasimama juu yake kama imefungwa kamba. Tangu siku hiyo mkeka ndio uwanja wetu wa ndege. Kama huna mkeka, tandika kitenge chenye maua makubwa, na kingo ukandamize kwa vitabu maana upepo wa panga unakifunua. Washa na taa. Kwenye giza kamera haioni kitu, droni inaanza kuteleza kama ile ya elfu themanini na tano.

Kuhusu simu. Droni hizi hutengeneza waifai yake yenyewe, na simu inajiunga nayo kama inavyojiunga na ruta. Waifai hiyo haina intaneti, na simu nyingi za Android zikigundua hivyo zinarudi kwenye data bila kukuuliza. Hapo umeshapoteza usukani. Kila mara, kabla ya kuruka, sisi tunaweka simu kwenye hali ya ndegeni, kisha tunawasha waifai peke yake. Hii inazuia pia simu za kupigiwa. Siku moja tulisahau, bibi yake akapiga droni ikiwa juu ya meza ya chakula, na jina la bibi likafunika skrini nzima. Kwa bahati ilikuwa Tello, ikasubiri hewani mpaka mtoto alipokata. Bibi tulimpigia baadaye, tukamweleza, akafurahi kwamba safari hii haikwenda mikokoni.

Pakua programu yake mapema ukiwa na bando, na hakikisha inafunguka kwenye simu atakayotumia mtoto kabla hujanunua droni. Simu ya zamani inaweza kukataa. Na kwa Tello ujue video haihifadhiwi ndani ya droni, inatumwa moja kwa moja kwenye simu, kwa hiyo waifai ikilegea video nayo inakatika-katika. Majirani wenye ruta nyingi wanachangia, kwa kuwa wote mnagombea masafa yale yale ya 2.4 GHz.

Betri. Tello imeandikwa dakika 13, na hiyo ni bila upepo na kwa mwendo wa taratibu. Kwetu mtoto akiruka kitoto inatoa kama 9. Kuchaji ni saa moja na nusu. Piga hesabu ya mtoto anayecheza dakika tisa na kusubiri saa moja na nusu, utaelewa kwa nini nasema betri ya pili si anasa. Iweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Ikitoka kuruka ni ya moto, iache ipoe kabla ya kuichaji. Isichajiwe usiku watu wamelala, wala juu ya kitanda au kochi. Ikivimba, hata kidogo, isitumike tena na isichomwe sindano. Hapa dada nakuomba usimamie mwenyewe, mtoto asiachiwe.

Panga zake zipo za aina mbili, kwa sababu mota zilizo jirani huzunguka kinyume. Ukikosea ukaweka la kushoto kulia, droni inajibwaga ubavu pale pale inapotaka kupaa, na wengi huitupa wakidhani imekufa. Zilinganishe na zile ambazo hazijavunjika kabla hujabana. Nunua seti ya akiba, na vile vizuizi vya kuzunguka panga visitolewe miezi ya mwanzo. Mdogo wake akikaa, akae kwenye kochi upande wa pili wa chumba. Panga ni laini, lakini jicho halina akiba.

Kuna kitu kingine ambacho sicho kilichonifanya niinunue, lakini ndicho kimetukalisha na droni hii mpaka leo. Tello inapokea amri za maandishi kutoka kwenye kompyuta. Unaunganisha laptopu kwenye ile waifai yake, unatuma neno "command", kisha "takeoff", inapaa. Lugha za kuandikia amri hizo zipo: Scratch kwa anayeanza, na Python kwa aliyekomaa kidogo. Mpwa wangu alianza na mraba: mbele sentimita 100, geuka nyuzi 90, mara nne, tua. Mara ya kwanza ilitua nje ya mkeka. Akapima kwa rula, akaona kila kona inapitiliza kidogo, akaongeza kusubiri sekunde mbili kabla ya kugeuka. Alirudia jioni tatu, betri moja kwenye droni na nyingine kwenye chaji. Mimi nilikuwa nikikaa naye sakafuni, kazi yangu kuhesabu. Zanzibar vijana wa chuo kikuu cha SUZA walishiriki kuchora ramani ya visiwa kwa droni kuanzia 2016. Nilipomwambia hivyo aliuliza mraba wao ulikuwa na ukubwa gani.

Basi siku ya kwanza na mwanao fanya hivi. Tandika mkeka, zima feni, fungeni dirisha. Apaishe, aondoe vidole, aitazame tu. Asiguse kitu kwa dakika nzima. Baada ya hapo mbele kidogo, nyuma kidogo, na aishushe mwenyewe betri ikifika asilimia 20 badala ya kungoja ijishushe. Ukienda tena kwa yule muuzaji, niandikie hapa imesimama kwa hesabu ngapi.