Maswali ya Wasomaji: Baleti Japani, Mshahara wa Mchezaji na Kiatu Kinachokufa Mapema

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja: baleti ya Japani, na hasa maisha ya wale wanaoicheza. Tumechagua tano. Mbili za mwanzo zimepewa nafasi kubwa kwa kuwa ndizo zinazogusa mkate wa watu.

Mpwa wangu anasoma Tokyo. Rafiki yake Mjapani anacheza katika kampuni ya baleti yenye jina, lakini jioni anauza kahawa. Juzi alimwomba mpwa wangu anunue tiketi ya onyesho kwake yeye, si mtandaoni. Kwani mchezaji wa kampuni halipwi mshahara? (R., Dar es Salaam)

Wengi hawalipwi mshahara wa mwezi, ndugu R. Wanalipwa kwa onyesho, na siku za mazoezi mara nyingi hazihesabiwi kabisa. Ukitaka kuelewa kwa nini, angalia baleti iliingiaje nchini humo. Mwitaliano Giovanni Vittorio Rosi alifika mwaka 1912 kufundisha katika Ukumbi wa Teikoku, Tokyo. Mrusi Anna Pavlova alizunguka na maonyesho mwaka 1922. Mrusi mwingine, Eliana Pavlova, ambaye si ndugu yake, alifungua shule Kamakura mwaka 1927, na wanafunzi wake ndio waliokuja kuwa walimu wa kizazi kilichofuata. Agosti 1946, vita vikiwa vimekwisha mwaka mmoja tu, baleti ya "Ziwa la Mabata Maji" ilichezwa yote kwa mara ya kwanza katika ukumbi huohuo wa Teikoku. Hayo yote yalifanyika bila serikali kuwa na kampuni yake. Mwalimu alifungua shule, ada za shule zikalea kampuni, na wahitimu wakacheza kwa heshima ya mwalimu. Ukumbi Mpya wa Taifa wa Tokyo, wenye kikosi chake cha baleti, ulifunguliwa mwaka 1997. Kufikia hapo mazoea yalikuwa yameshaota mizizi.

Sasa hilo la tiketi. Wajapani wanaliita noruma: mchezaji anakabidhiwa idadi ya tiketi za kuuza, na zikibaki ni mzigo wake. Tufanye hesabu ya mfano tu. Amepewa tiketi 20 za yeni 8,000, jumla yeni 160,000. Ameuza 13. Zile 7 zilizobaki, yeni 56,000, anazitoa mfukoni, na huenda malipo yake ya kucheza hayafiki hapo. Kwingine hakuna mzigo wa lazima ila kuna mgawo: kila tiketi iliyopita mkononi mwake humpa asilimia fulani. Kwa vyovyote vile, tiketi uliyonunua kwa mchezaji inahesabika kwake, na uliyonunua mtandaoni haimsaidii kitu. Ndiyo maana alimwomba mpwa wako.

Si kampuni zote ziko hivyo. Zipo chache zinazotoa mikataba ya msimu mzima, na Miyako Yoshida, aliyekuwa nyota wa kikosi cha kifalme London kabla ya kushika uongozi wa kikosi cha Ukumbi Mpya wa Taifa mwaka 2020, amelizungumzia wazi suala la hali za wachezaji. Kikosi hicho kilicheza "Giselle" London Julai 2025, katika Royal Opera House. Kiwango cha uchezaji hakina shaka. Kinachoumiza ni kwamba mtu wa kiwango hicho, akiwa nje ya kampuni hizo chache, anaamka, anafanya darasa la saa moja na nusu, anaingia mazoezini mpaka alasiri, kisha anakimbia kufundisha watoto au kuuza kahawa ili alipe kodi ya nyumba. Sisi tunaliita jambo hilo kwa jina lake: mfanyakazi anagharimia kazi ya mwajiri.

Mwambie mpwa wako anunue, na anunue mapema, siyo wiki ya mwisho. Tiketi inaweza kuachwa mapokezini siku ya onyesho, naye atataja jina lake na la mchezaji aliyemwalika. Akitaka kupeleka zawadi, aiache hapohapo mapokezini: vitu vikavu vilivyofungwa kimoja kimoja, visivyohitaji friji, ili mchezaji agawane na wenzake chumba cha kuvalia. Keki ya krimu itaharibika kabla ya pazia la mwisho.

Nafundisha baleti Mombasa. Nimeletewa kutoka Japani jozi mbili za viatu vya kusimamia vidole. Mwanafunzi wangu amevaa jozi moja wiki mbili tu, kiatu kimelegea kama mkate uliolowa. Ni vya bandia? (Mwalimu, Nyali)

Si vya bandia, mwalimu. Ndivyo vilivyoundwa. Ile ncha ngumu haina mbao wala chuma ndani yake. Ni tabaka za kitambaa kama cha gunia na karatasi, zimeshikanishwa kwa gundi ya unga, zikakaushwa, zikafunikwa satini. Chini ya unyayo kuna ubao mwembamba wa ngozi na karatasi ngumu, nao ndio mgongo wa kiatu. Gundi hiyo adui yake ni jasho na joto. Mguu unatoa vyote viwili, na hewa ya pwani inaongeza. Wajapani wanaijua taabu hiyo vizuri: mwezi wa Juni na Julai, majira ya mvua wanayoyaita tsuyu, viatu vyao vinakufa upesi kuliko wakati wa baridi.

Kwa hiyo huwezi kuzuia kifo chake, unaweza kukichelewesha. Jambo la kwanza na kubwa: asivae jozi moja siku mbili mfululizo. Jozi mbili za kupokezana zinadumu zaidi ya mara mbili ya jozi moja, kwa sababu kila moja inapata saa 24 au zaidi za kukauka. Akivua tu, atoe vile vikinga vidole vya ndani, afungue tepe za kufungia mguuni, aning'inize kiatu mahali penye upepo na kivuli. Kukifungia ndani ya mfuko wa plastiki ni kukizika. Jua kali nalo linakausha gundi mpaka inapasuka. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na vifaa vya umeme, msivitupe. Vitieni ndani ya kiatu usiku.

Pili, angalia kinapolegea. Kikilegea kwanza kwenye ncha, kikawa kinazama na kidole gumba kinagusa sakafu, kimekwisha. Kikilegea mgongoni, angalia kimevunjikia wapi. Mgongo unatakiwa kukunjika pale kisigino kinapoanzia, kiasi cha robo tatu ya urefu kutoka ncha. Wanafunzi wengi wanakikunja katikati kwa mikono kiatu kikiwa kipya ili "kilainike". Hapo wamekiua siku ya kwanza, kwa kuwa tao la mguu halina tena kinacholishikilia. Kiatu kipya kikunjwe pale kisigino kinapoanzia tu, taratibu, kwa kiganja.

Tatu, maandalizi. Tepe ni vipande vinne, kila kimoja takriban sentimita 50. Ncha zake ziunguzwe kidogo kwa kibiriti cha gesi zisifumuke. Kukunja kisigino cha kiatu kuelekea ndani kunakuonyesha mahali pa kushonea: pale mkunjo unapokutana na ukingo wa pembeni. Shoneni kwa uzi mnene, hata uzi wa kusafishia meno unafaa na haukatiki, lakini sindano isiguse kile kikamba cha kukazia kinachopita ndani ya ukingo, kwani kikishonewa hakivutiki tena. Satini ya pale kwenye bapa la ncha inateleza. Wengine wanaikata kwa wembe, wengine wanashona ukingo wake kwa uzi wa pamba kuzunguka. Kama kiatu kinagonga sakafu kwa kelele, kipigwe ncha yake mara chache kwenye ngazi ya saruji. Usizidishe.

Ncha ikianza kulegea, wachezaji hutia ndani yake vanishi ya sheleki, au gundi kali inayoganda haraka, wakaacha usiku kucha. Gundi ile ikigusa kitambaa hupata moto na kutoa moshi unaochoma macho, basi fanyeni nje, na kamwe mguu usiwe ndani. Dawa hiyo inampa mchezaji mkubwa onyesho moja zaidi. Kwa mwanafunzi anayekua sishauri: kiatu kilichokufa kikifufuliwa nusu, kifundo ndicho kinacholipa.

Ili ujue kwamba wiki mbili si haba: anayecheza malkia katika "Ziwa la Mabata Maji" anaweza kumaliza jozi zaidi ya moja usiku mmoja. Sehemu ya pili, ya ziwani, anavaa jozi iliyolainika isiyo na kelele. Sehemu ya tatu, yenye mizunguko 32 juu ya mguu mmoja, anabadili na kuvaa ngumu. Na Japani, jozi moja ni kama yeni 10,000, ambazo mchezaji asiye na mkataba wa maana anazitoa mwenyewe.

Binti yetu wa miaka 9 anajifunza baleti Yokohama. Ada ya mwezi tunaiweza. Sasa shule imetangaza onyesho la wanafunzi na orodha ya malipo imetushtua. Ni halali? (Mama Zuhura)

Ni kawaida, Mama Zuhura, ingawa si rahisi kuimeza. Onyesho hilo, happyokai, ndilo linalobeba uchumi wa baleti ya Japani. Mwalimu anakodi ukumbi wa manispaa, na kumbi hizo hukodishwa kwa vipande vitatu vya siku: asubuhi, mchana na jioni. Anavihitaji vyote. Asubuhi taa na pazia vinafungwa na zulia la plastiki linatandikwa. Kisha watoto wanapangwa jukwaani wajue pa kusimama. Kisha mazoezi ya mwisho kwa mavazi kamili. Kisha onyesho lenyewe. Kisha kila kitu kinang'olewa kabla ukumbi haujafungwa usiku. Mafundi wa taa, sauti na jukwaa wanalipwa wote. Wanaume wa kushirikiana na wasichana wakubwa jukwaani ni wachache, kwa hiyo wanaalikwa wachezaji wa kulipwa.

Ombeni mchanganuo kwa maandishi kabla ya kusaini: ada ya kushiriki, kodi ya nguo (mara nyingi moja kwa kila ngoma), mazoezi ya ziada, picha na video, mchango wa wageni waalikwa, na kama kuna tiketi mnazolazimika kununua. Ulizeni mapema kama mtoto anaruhusiwa kushiriki ngoma moja badala ya tatu. Shule nyingi hukubali, na bei hupungua sana. Msiulize wiki mbili kabla ya siku. Wakati huo nguo zimeshakodiwa.

Angalieni pia sakafu ya shule. Zulia la plastiki likitandikwa juu ya saruji tupu, mifupa ya mbele ya miguu ya watoto itaanza kuuma. Chini yake panatakiwa mbao zenye nafasi ya kubonyea. Hilo ni kubwa kuliko picha na video.

Ni Mganda, mke wangu Mjapani, tunaishi Osaka. Naalikwa kucheza katika maonyesho ya shule, nalipwa bahasha baada ya pazia. Mwaka jana niliumia goti mazoezini na sikupata kitu. Nifanyeje? (K.)

Pole sana, kaka. Kuna mambo mawili ya kufanya sasa, kabla ya mwaliko mwingine.

La kwanza ni bima ya ajali kazini. Zamani ilikuwa hasa ya walioajiriwa. Tangu Aprili 2021, wasanii wa jukwaani wanaojitegemea wanaruhusiwa kujiunga kwa hiari kupitia vyama vilivyoidhinishwa. Unachagua kipato cha siku cha kukadiria, kuanzia yeni 3,500 hadi 25,000, na mchango ulipangwa kuwa 3 kwa 1,000 ya jumla ya mwaka. Ukichagua yeni 10,000 kwa siku, mwaka ni 3,650,000, na mchango ni yeni 10,950, ukiongeza ada ya chama. Bima inagusa matibabu, na pia siku ambazo huwezi kufanya kazi. Usichague kiwango cha chini kwa kubana matumizi, maana fidia ya siku inahesabiwa kutokana nacho.

La pili ni maandishi. Sheria ya kulinda wanaojitegemea ilianza Novemba 2024. Anayekupa kazi kibiashara anatakiwa akupe masharti kwa maandishi au ujumbe wa simu: kazi gani, kiasi gani, lini utalipwa. Akiwa na wafanyakazi, malipo yasipite siku 60 tangu umalize kazi. Kazi ikidumu mwezi mmoja au zaidi, sheria inamkataza pia kukulazimisha kununua bidhaa au huduma bila sababu ya msingi, na kwa maoni yetu mchezaji anayebebeshwa tiketi ana haki ya kumuuliza mwanasheria kama kifungu hicho kinamhusu. Ushauri wa bure upo, huduma inaitwa Furiransu Toraburu 110-ban.

Ukiogopa kuonekana mgomvi, tuma wewe ujumbe wa adabu: "Nashukuru kwa mwaliko. Nathibitisha: mazoezi mara 4, onyesho moja, malipo kiasi hiki, nauli juu yenu." Akijibu "sawa", una ushahidi.

Nitapita Tokyo siku tatu. Baleti ya bei nafuu naipata wapi? (Msomaji, Muscat)

Ukumbi Mpya wa Taifa, kituo cha Hatsudai, kimoja tu kutoka Shinjuku kwa treni ya njia iitwayo Keio New Line. Uliza tiketi za daraja Z: zimekuwa zikiuzwa yeni 1,650, siku yenyewe ya onyesho kuanzia saa 4 asubuhi, mtu mmoja tiketi moja. Ni viti vya pembeni juu, na sehemu ya jukwaa hutaiona. Ukichelewa, utasubiri nje mpaka wahudumu wapate nafasi ya kukuingiza. Na ukikaa juu, mgongo uugandamize kwenye kiti: ukiinama mbele hata kidogo, aliye nyuma yako haoni kitu, na mhudumu atakuja kukuomba urudi nyuma.