Kipokezi cha korona kiko wapi mwilini? Majibu ya maswali yenu

Daktari, nilipopata UVIKO-19 nilianza kuharisha kabla hata ya kukohoa. Ugonjwa wa mapafu ulifikaje tumboni?

Pole sana. Kirusi cha korona hakiingii kwenye seli mpaka kijishikize kwenye protini ya juu yake iitwayo ACE2. Hicho ndicho kipokezi chake. Wengi hudhani kimejaa mapafuni, kumbe kiko kwa wingi zaidi kwenye utumbo mwembamba na mirija ya figo, ndiyo maana tumbo nalo huweza kuathirika. Moyoni kipo, hata kwenye korodani kipo.

Mbona basi waliozidiwa walikosa pumzi?

Swali zuri, na hapa wengi hupotea. Wingi wa kipokezi pekee hautoshi. Kirusi chenyewe lazima kifike, nacho tunakivuta kwa pumzi. Hukuta ACE2 nyingi puani, na kadiri kinavyoshuka ndivyo inavyopungua. Ndani kabisa, kwenye vifuko vya hewa, kipokezi kiko hasa kwenye seli chache zinazotengeneza ute unaozuia vifuko hivyo visisinyae. Seli hizo zikifa, na kinga ya mwili ikicharuka juu yake, vifuko hujaa majimaji na oksijeni haipiti.

Kuna pia kimeng'enya TMPRSS2, kinachokata miiba ya kirusi ili kipenye. Aina ya korona iitwayo Omicron, iliyotangazwa Novemba 2021, ilikitegemea kidogo kuliko aina ya Delta, ikashambulia zaidi njia za juu za hewa.

Na kupotewa na harufu?

Neva za kunusa karibu hazina ACE2. Zinazoathirika ni seli jirani zinazozitegemeza, nazo huota upya. Ndiyo maana wengi hurudiwa na harufu.

Shikamoo daktari. Mama anameza enalapril, dawa ya presha. Jirani kamwambia dawa hiyo inaongeza ACE2, aache. Je, ni kweli?

Marahaba. Tafadhali sana, asiache. ACE2 haikuwekwa mwilini kwa ajili ya korona: kazi yake ni kuvunja angiotensini II, homoni inayobana mishipa ya damu. Hofu ya jirani hata wataalamu walikuwa nayo mwaka 2020, ndipo watafiti wa Brazil wakawagawa kwa kura wagonjwa 659 waliolazwa kwa UVIKO-19, nusu wakasimamisha dawa za aina hiyo na nusu wakaendelea. Walioendelea hawakudhurika zaidi. Presha iliyoachwa bila dawa ndiyo inayoleta kiharusi, kwa hiyo kama mama amekwisha kuacha, mpeleke kliniki wiki hii akapimwe.