Naajiri mtoto wa jirani, mkataba wa nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Morogoro. Mwezi ujao naajiri waokaji wawili na kijana wa kusambaza mikate kwa pikipiki, mtoto wa jirani yangu. Wenzangu wananiambia mikataba ni mambo ya maofisini, sisi tukubaliane kwa mdomo yaishe. Ni kweli?
Mwoka mikate, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wenzako wanakupoteza.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi anapoanza kazi. Yawemo jina, umri, jinsia na anwani yake, mahali alipoajiriwa, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na unavyokokotolewa, na marupurupu kama yapo. Karatasi moja inatosha. Iandike kwa Kiswahili, maana asiyeielewa una wajibu wa kumfafanulia mpaka aelewe.

Kwenye saa za kazi tulia kabisa. Najua waokaji wako wataingia saa tisa usiku. Kisheria usiku ni saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku huongezewa si chini ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo usiandike "saa za kawaida". Andika saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi, na nyongeza ya zile saa tatu ionekane. Kwa wiki zisizidi saa 45. Zikizidi, hayo ni malipo ya ziada.

Nilikuwa afisa utumishi miaka 19. Mahali pamoja, mpakiaji aliyeajiriwa kwa mdomo alitupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akisema msimamizi alimwahidi nauli ya kila siku. Msimamizi alishaondoka. Tukaulizwa karatasi iko wapi, hatukuwa nayo. Mwajiri asipotoa maandishi, ni juu yake kuthibitisha kwamba sharti linalodaiwa halikuwepo. Tulishindwa, tukalipa. Mpaka leo sijui nani alisema kweli, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu karatasi ingemlinda yule kijana kama ambavyo ingetulinda sisi.

Zitunze hizo karatasi miaka 5 baada ya mtu kuacha kazi. Ukutani, mahali wanapopaona wote, bandika tangazo la haki za wafanyakazi. Hilo nalo ni la lazima.

Waandikishe pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na unachoruhusiwa kumkata mfanyakazi hakizidi nusu ya mchango huo. Wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5, unalipa wewe peke yako, usimkate mtu hata senti. Huu usiuache, mwanangu. Kijana wako atapita Msamvu kila alfajiri katikati ya mabasi. Akigongwa akiwa kazini, mfuko huo ndio utakaobeba matibabu na fidia.

Mtoto wa jirani anza naye. Msomee kifungu kwa kifungu kabla hajatia saini, kisha nakala yake aende nayo nyumbani, mama yake aisome.